Una Nini Kwenu?

Alishuka na treni iliyochelewa, saa tisa usiku,
mgeni mwenye madoadoa usoni kama yai la kanga,
fundi wa kuta za mawe kutoka Kilkeni, Ayalandi.
Jina lake Una.
"Una nini?" nikamuuliza,
na mpaka leo hajui kwa nini wapagazi wa stesheni walicheka.

Kazi yangu ni kutembeza watu Tabora.
Nina kofia, nina kitabu cha risiti, nina hadithi sita.
Ya saba huwa siisemi.

Asubuhi tukaanza na Kwihara.
Nikamwonyesha tembe, udongo mwekundu, kuta nene,
mlango wa nakshi uliotoka pwani juu ya mabega ya watu.
Aliupita mlango. Akaugonga ukuta kwa kidole, mara tatu,
kama daktari kwenye mgongo wa mtoto,
akasema: "Aliyeujenga huu aliogopa mvua
kuliko alivyoogopa vita."
Hiyo sikuwa nayo. Nimeiongeza.

Boma la Mjerumani tuliliona kwa mbali tu,
wanajeshi hawapendi kamera.
Sokoni akaonja asali ya miombo,
ile nyeusi, yenye moshi ndani yake,
akalamba kijiko pande zote mbili
kisha ndipo akajibu swali langu la usiku.

"Kwetu tuna ngome juu ya mto,
tuna mnara mwembamba kama mchi uliosahaulika kinuni,
tuna vichochoro ambavyo mume na mke walionuniana
hawawezi kupishana bila kugusana.
Tuna mawe meusi. Yakilowa
yanang'aa kama mgongo wa kambare.
Na tulikuwa na ukuta katikati ya mji,
huku wageni, kule wenyeji,
na sheria: mgeni atakayesema lugha ya wenyeji
anyang'anywe shamba."

Lini?
"Karne ya kumi na nne."

Nikaligusa koo langu bila kukusudia.
Darasa la tatu, kibao cha mti, kamba ya katani,
kwa sababu nilimwambia Nyamizi "wangaluka"
dirishani, asubuhi, kama mama alivyonifundisha.
Kibao kilinuka jasho la waliokivaa kabla yangu.
Nilikaa nacho hadi kengele ya saa nane.

Labda ni kibao. Labda ni ile asali.
Nilimrudisha Kwihara jioni, bila malipo,
nikamsimamisha uani, nikamwambia ya saba:

Kwamba wageni wote huniuliza kama babu zangu walibeba pembe,
nami huitikia kwa kichwa, na wao hunionea huruma,
na huruma ile huongeza bakshishi.
Lakini Mgalula, baba wa babu yangu, hakubeba kitu.
Alishika mnyororo
upande ule usiobana shingo.
Shamba letu la Itetemia lilinunuliwa hivyo.
Maembe yake ni matamu. Nimeyala maisha yangu yote.

Una hakusema pole.
Alikaa chini palepale kwenye vumbi, na sketi yake nzuri,
akachokonoa mkoba mpaka akatoa jiwe,
jeusi, dogo kama kiazi,
na ndani yake kombe weupe wa bahari
iliyokauka kabla ya ukuta wowote.
"Ukoo wangu, Kalunde," akasema,
"ulikuwa ndani ya ukuta. Upande wa funguo."

Basi.
Kunguru wawili waligombania ganda la muwa.
Tuligawana matobolwa yaliyobaki kwenye mfuko wa karatasi,
tukatafuna kwa muda mrefu,
maana matobolwa hayamezwi haraka, hata ukiona aibu.

Aliondoka Alhamisi. Treni ilichelewa tena.
Jiwe liko mezani kwangu,
linazuia risiti zisipeperuke.
Watalii hulishika, hulipima mkononi, huuliza ni la wapi,
nami huwauliza kwanza: una nini kwenu?
Wengine hujibu majumba, wengine hujibu theluji.
Mmojammoja hunyamaza.
Huyo ndiye ninayemvusha ua mpaka kule nyuma,
na nikimaliza, akitoa pochi,
namwambia arudishe.
Hii haina risiti.